Maganda ya mchele yananichanikia mikononi: wanaojua rolo za Kivietnam za mboga tupu nisaidieni (Tanga)

MamaRukia · Jumatatu, saa 2:40 usiku
Habari zenu wanajukwaa.

Binti yangu yuko kidato cha 5, amerudi likizo na neno moja: hali tena nyama, samaki, mayai wala maziwa. Sisi tuko Makorora na baba yake hapiti soko la samaki la Deep Sea akarudi mikono mitupu, kwa hiyo mnaweza kufikiria wiki ya kwanza ilivyokuwa. Sikutaka kugombana na mtoto. Nikaona bora nijue kupika anachokula.

Akanionyesha kwenye simu rolo za Kivietnam, zile zisizokaangwa. Ganda lake linapitisha mwanga, unaona karoti na majani ndani kama vitu vilivyo nyuma ya kioo chenye mvuke. Nikamwagiza mtu Kariakoo, akaniletea pakiti 2. Ni duara kavu za sm 22, nyembamba sana, ukipapasa unasikia alama kama za jamvi.

Jana nimeloweka 12 kwenye maji ya moto. Zimechanika 9. Nyingine imeng'ang'ania sinia, navuta inakuja nusu. Nyingine inanipasukia tumboni nikiwa nimeshafika mkunjo wa mwisho, mboga zote nje. Mtoto ananiambia "mama acha tu", na mimi sitaki kuacha.

Jumamosi rafiki zake 5 wanakuja. Naomba kujua kosa liko wapi, na sosi ya kuchovya inatengenezwaje bila kitu cha samaki. Naomba kuwasilisha.

Ngamiani_B9 · saa 2:52 usiku
Naweka kambi hapa. Mke wangu naye kaanza habari hizi.

MpishiRaskazone · saa 3:15 usiku
Pole Mama Rukia. Miaka 11 niko jikoni za hoteli na nakwambia kosa ni maji ya moto. Ganda hilo limeshaiva kabla halijafika kwako. Unga wa mchele unakorogwa na maji, unatandazwa juu ya kitambaa kilichofunikwa kwenye mvuke, unaiva mara moja, kisha unaanikwa kwenye jamvi la mianzi. Ndizo alama unazozipapasa. Wewe hulipiki, unalirudishia maji yake tu.

Tumia maji ya kawaida. Lizungushe sekunde 5 mpaka 8, ulitoe likiwa bado gumugumu kama jalada la plastiki la daftari. Lilaze juu ya kitambaa kilicholowa kikakamuliwa, si kwenye sinia kavu. Wakati unapanga mboga linaendelea kunywa maji lenyewe, na ukifika kukunja limeshalainika. Ukingoja lilainike ndani ya bakuli umeshachelewa.

BahariaMstaafu · saa 3:41 usiku
Mpishi kasema kweli, ila ni nusu. Mimi nimeshuka Saigon mara 2 nikiwa melini. Sikuona mtu na bakuli la maji ya moto wala la baridi. Mama muuzaji alikuwa analowesha kiganja chake, anakipitisha juu ya ganda upande huu na upande huu, basi. Anapanga, anakunja, anakupa.

Na tuwe na jina lake. Kusini wanaziita goi cuon, yaani saladi ya kukunja. Upande wa Hanoi ni nem cuon. Za asili zina kamba na nyama ya nguruwe, hivyo mkiziona mahali msile kwa kuona majani tu. Za mboga tupu ni goi cuon chay. Hiyo chay ni ulaji usio na nyama, na Mabudha wengi kule wanaufuata tarehe 1 na tarehe 15 za mwezi mwandamo. Kwa hiyo Mama Rukia, binti hajaleta kioja. Kuna watu na bibi zao wanakula hivyo.

MamaRukia · saa 3:50 usiku
Ahsante sana baba. Hilo la mwisho nitamsomea mume wangu.

KijanaWaMombo · saa 4:05 usiku
Wote mnasema maji, hakuna aliyeuliza pakiti imeandikwa nini. Kuna maganda ya mchele mtupu, kuna yaliyochanganywa na wanga wa muhogo, na kuna ambayo muhogo ndio mwingi. Muhogo unavutika lakini unanata kama chingamu. Mchele haunati sana ila unakatika. Huku Mombo tunalima mpunga wa kumwagilia, unga wa mchele naujua tabia zake. Kitu kinachong'ang'ania sinia hivyo ni muhogo. Geuza pakiti usome.

MamaRukia · saa 4:11 usiku
Nimegeuza. Wanga wa muhogo, mchele, maji, chumvi. Muhogo ndio umeanza.

KijanaWaMombo · saa 4:12 usiku
Nilisema.

MpishiRaskazone · saa 4:20 usiku
Mdogo wangu, kunata nakupa. Kuchanika je? Wewe mwenyewe umesema muhogo unavutika. Kinachovutika hakipasuki tumboni.

DadaChumbageni · Jumanne, saa 1:05 asubuhi
Samahani, nimeusoma uzi asubuhi hii. Mama Rukia, ulikunjia wapi? Mimi zilinisumbua mwezi mzima mpaka nikagundua nakunjia sebuleni chini ya feni. Ukingo unakauka upesi na katikati bado pameloa, ukivuta, panapasuka pale kavu na mbichi zinapokutana. Nikazima feni. Joto la Tanga mnalijua, jasho lilinitoka, lakini siku hiyo hazikuchanika hata 1.

MamaRukia · saa 1:30 asubuhi
Feni ilikuwa inazunguka, tena ya mezani, imenielekea.

MwalimuMstaafu_Pongwe · saa 3:00 asubuhi
Wanangu, kabla ya maji, muhogo na feni, mmeyakagua maganda yenyewe? Pakiti imetoka Kariakoo, ikapakiwa basi, Chalinze, Segera, mizigo juu yake. Shika ganda moja moja uliinue kwenye mwanga wa dirisha, likiwa kavu. Lenye ufa utauona, mwembamba kama unywele, mara nyingi unaanzia ukingoni kwenda ndani. Hilo ukilitia maji ya aina yoyote litachanika palepale. Yenye ufa mweke pembeni, mkunje mawili kwa pamoja.

Ngamiani_B9 · saa 3:08 asubuhi
Shikamoo mwalimu. Hata maganda ya mchele mnayasahihisha!

MwalimuMstaafu_Pongwe · saa 3:10 asubuhi
Marahaba. Daftari lolote linaanza na kukaguliwa.

BiMwanaidi · saa 4:45 asubuhi
Mimi ni mtu mzima, sijawahi kwenda Vietnam, ila nimekunja sambusa tangu nina miaka 9. Nimeisoma habari ya mwanangu Mama Rukia na hakuna aliyeuliza ndani kuna nini. Manda yoyote, ya ngano au ya mchele, inachanwa na kilichomo. Karoti ulikatakataje? Karoti ya Lushoto ikiwa mpya ni ngumu, ukikata vijiti vinene ncha yake inatoboa kama mwiba. Ikwangue nyembamba, itie chumvi kidogo, iache ilegee, ikamue. Tango toa mbegu, ile maji yake ndiyo inayolowesha ganda kwa ndani.

Halafu tandika jani la saladi kwanza, lililokauka maji, ndio uweke vingine juu yake. Jani ndilo linalobeba. Usijaze. Unene wa vidole viwili unatosha. Kunja mara moja ukikaza, ingiza pembeni huku na huku kama bahasha, kisha malizia kama unaviringisha mkeka. Mkeka ukiuviringisha kwa woga unalegea, na ukiuvuta kwa hasira unavunjika miyaa.

DadaChumbageni · saa 4:58 asubuhi
Bi Mwanaidi, ahsante, hili la jani limenipa njia.

MpishiRaskazone · saa 5:20 asubuhi
Naafiki jani. Niongeze tambi: ziwe za mchele. Si hizi tambi za ngano tunazopika za sukari Ramadhani, hizo zitakuwa uji. Tambi za mchele mimina maji ya moto, zikilainika suuza kwa maji baridi, zichuje mpaka zisidondoshe tone. Na zitengenezwe karibu na muda wa kula. Kitu cha mchele kilichopikwa kikilala nje kwenye joto letu kina vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa.

Muheza_Kwetu · saa 7:30 mchana
Majani je? Saladi, tango na karoti peke yake ni kachumbari iliyovishwa nguo. Nilizokula mimi kwa rafiki Dar zilikuwa na majani ya harufu mengi kuliko mboga. Nanaa, giligilani, na jani jingine la zambarau kwenye kikonyo.

BahariaMstaafu · saa 8:02 mchana
Hilo la zambarau ni ndugu wa mrehani wetu. Ukoo mmoja kabisa, la kwao linanukia kama shamari.

BiMwanaidi · saa 8:15 mchana
Mrehani ni wa kikuba na asmini. Unautia kifuani, hauutii mdomoni.

Muheza_Kwetu · saa 8:21 mchana
Bibi, Waitaliano wanakula mrehani kila siku.

BiMwanaidi · saa 8:24 mchana
Hao hawavai kikuba.

DadaChumbageni · saa 8:40 mchana
Mimi nimetia wa uani kwangu, ule wenye majani madogo. Una nguvu, majani 2 kwa rolo moja yanatosha, 4 unasikia karafuu tupu. Ila wa majirani zangu una harufu tofauti kabisa na wangu, kwa hiyo onja kwanza. Mrehani una aina nyingi.

Ngamiani_B9 · saa 8:44 mchana
Na giligilani ndiyo kotimiri au vipi? Sokoni Mgandini nikisema giligilani wengine wananipa mbegu.

Muheza_Kwetu · saa 8:50 mchana
Ni mmea uleule. Sema "majani ya giligilani" utaelewana nao.

MuuguziTanga · saa 11:10 jioni
Nimepita kwa haraka, niko zamu. Mama Rukia, majani yote hayo yanaliwa mabichi. Yaoshe jani moja moja kwenye maji yanayotiririka, ya mwisho yawe yaliyochemshwa yakapoa. Ndimu na siki haziui kila kitu, msizitegemee.

La pili ni la binti. Asiyekula kabisa nyama, samaki, mayai na maziwa anakosa vitamini B12, mimea haimpi ya kumtosha. Upungufu wake unakuja polepole, uchovu, damu kushuka, ganzi za miguu. Mpeleke akazungumze na daktari kuhusu vidonge vyake. Madini ya chuma atapata kwenye dengu, kunde, mchicha, na akikamulia ndimu juu yake mwili unayapokea vizuri zaidi. Chai asinywe pamoja na chakula. Usimgombeze, mtoto anayekula kwa siri au anayejinyima ndiye anayetutisha sisi.

MamaRukia · saa 1:20 usiku
Muuguzi, Mungu akubariki. Hilo la vitamini sikulijua hata kidogo, na lilikuwa kubwa kuliko swali nililouliza. Jumatatu nampeleka.

Sasa sosi jamani.

MpishiRaskazone · saa 1:45 usiku
Ziko mbili. Ya kwanza nyepesi. Ya asili inatiwa nuoc mam, mchuzi wa dagaa waliolazwa kwenye chumvi miezi mingi, kwa hiyo hiyo toa. Badala yake soya sosi. Kijiko kikubwa 1 cha soya sosi, 1 cha sukari, 1 cha maji ya ndimu, 3 au 4 vya maji ya uvuguvugu, kitunguu saumu punje 1 iliyopondwa, pilipili mbuzi vipande vyembamba. Koroga sukari iyeyuke kwanza ndipo utie ndimu. Soya sosi soma chupa, na usichanganye na sosi ya chaza, ile ni ya mnyama wa baharini.

Ya pili nzito, ya karanga. Vijiko 4 vya karanga iliyokaangwa ikasagwa laini, tui la nazi nusu kikombe, ukwaju uliochujwa vijiko 2, sukari kijiko 1, soya sosi kijiko 1, pilipili. Moto mdogo, koroga. Maji ya mwanzo yakiingia karanga inashikana inakuwa ngumu kama udongo, wengi hapo wanatupa. Usitupe. Ongeza maji ya moto kidogo kidogo, inaachia yenyewe inakuwa laini na kung'aa.

BahariaMstaafu · saa 2:10 usiku
Tui na ukwaju si za Saigon, mpishi. Hiyo ni ya Uthai na Malesia. Kule nilichovya kwenye sosi nyeusi tamu ya soya, hoisin, iliyochanganywa na karanga.

MpishiRaskazone · saa 2:16 usiku
Sahihi kaka, ila hoisin Tanga utaipata wapi leo? Nazi iko mlangoni kwa kila mtu.

BiMwanaidi · saa 2:30 usiku
Tui la kwanza, la mbuzi, si la kopo. Na ukwaju usizidi, utaua karanga.

Muheza_Kwetu · saa 2:41 usiku
Karanga chagueni moja moja kabla ya kukaanga. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, tupa. Sumukuvu, sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kukaanga wala kwa kusaga. Msinunue iliyokwisha sagwa kama hamjui imetoka kwa nani.

Ngamiani_B9 · Jumatano, saa 6:00 mchana
Hapo ndani pasipo kamba wala nyama mtu anashiba na nini?

MpishiRaskazone · saa 6:35 mchana
Tofu, na unaweza kuitengeneza nyumbani. Loweka soya usiku mzima, isage na maji kwenye blenda, ichuje kwa kitambaa. Maziwa yake yachemshe vizuri sana, soya ambayo haijaiva inasumbua tumbo. Zima moto, mimina maji ya ndimu polepole ukikoroga mara chache, yanagawanyika mabonge na maji ya njano. Funga kwenye kitambaa, weka jiwe juu kwa saa moja. Kata vipande virefu, kaanga mpaka ngozi yake iwe na rangi ya mandazi. Uyoga uliokaangwa kavu nao unafaa. Parachichi pia, ila liwe limeiva kwa kiasi, likiwa laini mno linalowesha ganda.

DadaChumbageni · saa 7:00 mchana
Na embe bichi! Vijiti vyembamba. Nani asiyekuwa na embe bichi Tanga.

MamaRukia · Jumapili, saa 10:15 jioni
Nimerudi na habari za jana.

Nimekunja 24. Maji ya kawaida, kitambaa kilichokamuliwa, feni imezimwa, jani la saladi chini. Kabla ya hapo nilikaa dirishani na pakiti kama alivyosema mwalimu, nikatoa 6 zenye ufa. Ni kweli, ufa unauona kama unywele. Hizo nimezikunja mbilimbili.

Zilizochanika ni 3. Moja nilijaza embe nikasahau vidole viwili vya Bi Mwanaidi. Mbili sijui. Zilikuwa nzima dirishani, maji ni yaleyale, kitambaa ni kilekile.

Watoto walikaa mkekani, sinia la majani katikati, kila mmoja akakunja zake za mwisho mwenyewe. Rukia akamfundisha baba yake. Vidole vyake vimezoea ndoano na mishipi, akashika lile ganda kwa ncha mbili, taratibu, ulimi umetoka pembeni, wote wamenyamaza wanamtazama. La kwake halikuchanika. Akalichovya kwenye karanga, akala, akaomba ganda jingine. Hakusema neno kuhusu samaki usiku mzima.

Zilizobaki 4 nilizitia friji. Asubuhi zimekuwa ngumu, ganda linakatika kama mkate wa juzi.

MpishiRaskazone · saa 10:40 jioni
Hongera sana dada. Friji ndivyo ilivyo kwa wanga wa mchele, baridi inaugeuza unakuwa mgumu. Zinaliwa siku ileile, zikisubiri funika kwa kitambaa chenye unyevu, zisigusane.

KijanaWaMombo · saa 10:52 jioni
Hizo 2 zisizojulikana ni muhogo. Zinakunywa maji kwa kasi tofauti katika pakiti hiyohiyo.

MwalimuMstaafu_Pongwe · saa 11:05 jioni
Au zilikuwa na ufa jicho halikuuona. Jioni mwanga ni hafifu.

BiMwanaidi · saa 11:20 jioni
Au mkono ulichoka. 24 si chache.

BahariaMstaafu · saa 1:00 usiku
Nimekumbuka jambo. Kule mkoa wa Tay Ninh, karibu na mpaka wa Kambodia, wana maganda ambayo hayatiwi maji kabisa. Usiku wanayaanika nje yapigwe na umande, yanalainika yenyewe, kabla ya jua wanayakusanya na kuyafunga. Unakula hivyo hivyo. Na Tanga umande tunao.

DadaChumbageni · saa 1:04 usiku
Usiku huu huu najaribu.

DadaChumbageni · Jumatatu, saa 12:10 asubuhi
Nimeanika 5 kwenye ungo, juu ya paa la banda, nimefunika neti. Nimeamka alfajiri. 3 zimelainika vizuri sana, zinakunjika kama kitambaa cha leso, hazinati popote. Nimekunja moja na tango na nanaa nikala nimesimama uani. Hizo 2 nyingine zimekuwa laini upande mmoja, upande mwingine bado mkavu unavunjika.

KijanaWaMombo · saa 12:31 asubuhi
Hizo 2 zilikuwa za katikati ya ungo au pembeni? Na pakiti yako imeanza na nini, mchele au muhogo?

DadaChumbageni · saa 12:40 asubuhi
Katikati. Mchele.